Vitabu Vitatu na Watoto Wengi: Jibu kwa Mwalimu Mwenzangu wa Awali

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mwalimu kijana aliyepangiwa darasa la awali katika shule ya kijijini. Baada ya kuniamkia alieleza kwamba watoto wake ni wengi kuliko nafasi iliyopo, kwamba kabati la darasa lina vitabu vitatu tu vya hadithi, kisha akauliza: "Nivifanyie nini vitabu vitatu, mwalimu, na watoto wenyewe hata irabu hawazijui?" Nimeamua kumjibu hapa kwa sababu najua wanaojiuliza hivyo ni wengi, na kwa sababu, nikisema kweli, swali lake limenitonesha kidonda nilichodhani kimekwisha kupona.

Jibu langu ni kwamba awasomee vitabu hivyo hivyo vitatu, kwa sauti, kila siku ya masomo, vikiisha avirudie, na asisubiri irabu. Kiswahili kina tahajia nyepesi. Mtoto akishashika ba, be, bi, bo, bu na wenzake, baada ya muda si mrefu anaweza kuunganisha silabi na kutamka karibu neno lolote lililoandikwa mbele yake. Wepesi huo ndio unaotupoteza sisi walimu. Tunamsikia mtoto akitamka sentensi nzima bila kukwama, tunampigia makofi, na hatumwulizi nani alikwenda wapi na kwa nini alikwenda, kwa kuwa moyoni tunajua hatajibu. Kutamka kunafundishwa ubaoni. Kuelewa, kutabiri kitakachofuata, kukumbuka mwanzo wa jambo unapofika mwisho wake, hayo mtoto huyapata kwa kusikiliza hadithi ndefu kuliko sentensi za ubaoni, na umri wake wa kuyaanza ni huu wa awali.

Nilianza kazi hii katika mkoa wa Shinyanga, kwenye kijiji ambacho watoto wengi huja shuleni na Kisukuma peke yake, na Kiswahili wanakijua kwa salamu na kwa nyimbo za redioni. Kitabu cha kwanza nilichokikuta kilikuwa na picha ya jahazi baharini. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuiona bahari, na mwalimu mwenzangu alinishauri nikirudishe ofisini kwa kuwa hakihusiani na mazingira yao. Nilikataa. Nilikinyanyua mbele ya watoto nikawauliza wanaona nini, na mtoto mmoja wa kiume, mtoto wa wafugaji, akakitazama kwa makini kisha akasema kwamba hilo ni lambo ambalo ng'ombe wamekwisha kunywa wakaondoka. Darasa zima lilikubaliana naye. Basi tulianzia hapo: ikiwa ni lambo, mbona ng'ambo haionekani? Kile kitambaa juu ya ule mtumbwi ni cha nini? Upepo unafanya kazi gani? Tulitoka nje na vipande vya mifuko ya plastiki kuukamata upepo, na waliporudi ndani walisikiliza hadithi yote bila mtu kuomba ruhusa ya kwenda chooni, jambo ambalo kila mwalimu wa awali anajua uzito wake. Kitabu kinachozungumzia mazingira ya mtoto ni kizuri, na ningependa vingekuwa vingi zaidi, lakini mtoto ana haki pia ya kupelekwa mahali ambapo mguu wake haujafika.

Hadithi ile niliirudia hadi mimi mwenyewe nikaichoka. Wao hawakuichoka. Ilifika mahali nikiruka ukurasa kwa sababu kengele ya uji imekaribia kulia, wananisimamisha kwa kelele na kunirudisha nyuma, na kiitikio cha nahodha walikitamka kabla yangu, kwa Kiswahili safi, watoto wale wale walioambiwa kwamba hawajui lugha. Mzazi mmoja alinieleza kwamba mwanawe huketi jikoni jioni na kipande cha boksi mapajani, akikifunua na kukifunika, akimsomea mdogo wake hadithi nzima kwa vituo vyake. Mtoto huyo alikuwa bado hajaijua herufi moja, lakini alijua kwamba kitabu kina juu na chini, kwamba maneno hutoka kushoto kwenda kulia, na kwamba yaliyoandikwa leo yatasomeka vile vile kesho. Walimu waliompokea darasa la kwanza walipata mtoto aliyekwisha kusafishiwa njia, ingawa sikumbuki aliyekuja kunishukuru.

Shukrani niliyoipata ilikuwa ya namna nyingine. Mthibiti ubora wa shule alikuja, akaketi nyuma ya darasa wakati tunasoma, akaondoka kabla hatujamaliza. Katika taarifa aliandika kwamba mwalimu anatumia muda mwingi kwa hadithi badala ya kufundisha. Mwalimu mkuu aliisoma taarifa hiyo mbele ya kikao cha walimu wote, na waliocheka walicheka. Miaka imepita na maneno yale bado ninaweza kuyasema kwa mpangilio wake. Leo mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024 kwa madarasa ya awali, unatutaka tufundishe kwa michezo, nyimbo na hadithi, na kona za ujifunzaji, yaani pembe za darasa zilizopangwa vifaa vya kuchezea na kujifunzia, zinadaiwa katika kila darasa. Wanaotudai kona hizo leo ni wa idara ile ile. Sisemi zaidi ya hapo.

Ninalosema kwa mwalimu kijana ni hili: hadithi ni kazi, na isiyoandaliwa huharibika kama somo lolote lisiloandaliwa. Isome kwanza peke yako, kwa sauti, uijue mahali pa kunong'ona na mahali pa kukoroma. Mbele ya watoto, anza na jalada. Waulize wanadhani kitabu kinahusu nini, na makisio yao uyapokee yote bila kusema huyu kapata na yule kakosa. Sema jina la mwandishi na la mchoraji, ili wajue kwamba vitabu hutungwa na watu. Siku ya kwanza soma kwa raha tu. Ukirudia, simama kwenye neno gumu, lionyeshe kwa picha au kwa kitendo, kisha endelea kabla hadithi haijapoa. Wakishaizoea, wewe nyamaza na wao wasimulie kwa kufuata picha, waigize, wachore. Wapigishe makofi kwa silabi za majina ya wahusika, su-ngu-ra, ki-nyo-nga, na hapo utakuwa umezifikia zile irabu zako bila ya kugombana na mtoto yeyote. Ukiuliza maswali, yale ya "nani" na "wapi" yawe machache; uliza "kwa nini" na "wewe ungefanyaje," kisha subiri. Walimu wengi hatusubiri. Tunauliza, tunahesabu pumzi moja, tunajibu wenyewe.

Na tafadhali, hadithi ikiisha, usiwaulize watoto wa miaka mitano imewafundisha nini. Desturi hiyo imeota mizizi kiasi kwamba watoto wakiona kitabu kinafungwa huanza kuimba kwa pamoja "tusiwe wachoyo," hata kama hadithi ilihusu mvua.

Unaniambia watoto ni wengi, na ninaamini, kwa sababu ule uwiano unaotakiwa wa mwalimu 1 kwa watoto 25 mimi nimeuona kwenye karatasi tu. Kitabu kidogo hakionekani na mtoto aliyeketi nyuma, kwa hiyo kikuze. Nilikuwa ninakata viroba vitupu vya unga, ninavifua, ninachora upande wa ndani picha za kila ukurasa kwa kalamu rashia na kuandika sentensi chini yake kwa herufi kubwa, kisha ninavishona juu kwa uzi wa katani. Kiroba hakichaniki, na mvua ya paa bovu hakiijali. Uchoraji wangu ni mbaya na fisi wangu alifananishwa na mbuzi mjamzito, lakini hakuna aliyedai arudishiwe ada. Wengine niliwaacha mlangoni chini ya mwarobaini wakihesabu visoda huku ninawaona, nikawasomea nusu kwa zamu, maana mtoto anayesukumwa mgongoni hasikilizi hadithi.

Nimemtaja fisi, na hapo nikuonye kidogo. Katika baadhi ya vijiji vya huko kwetu fisi anahusishwa na uchawi, na bibi mmoja alifika shuleni kulalamika kwamba mjukuu wake halali usiku tangu asomewe habari za fisi. Nilimkaribisha bibi yule aketi, nikamwomba atusimulie hadithi anazozijua yeye. Alisema "hadithi, hadithi," watoto wakaitikia "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," na alipomaliza nilikuwa nimeandika hadithi nzima pembeni, Kisukuma chake nikakigeuza kuwa Kiswahili nilichokiweza, ikawa kitabu chetu kingine cha kiroba. Baadaye watoto walianza kunisimulia hadithi zao, mimi nikiandika kama wanavyozitamka, na hizo ndizo walizozigombania kuliko zote.

Vitabu vya kuchapwa navyo hutafutwa, havitakuja vikitembea. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa hapa Tanzania mwaka 1991 kwa ajili ya kuhimiza uandishi na uchapishaji wa vitabu vya watoto kwa Kiswahili, kwa hiyo vipo, na wakati mwingine vimefungiwa ofisini kwa kuogopa kwamba watoto watavichafua. Ukiwa na simu ya intaneti, fungua African Storybook, mpango ulioanzia Afrika Kusini, wenye hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili zinazoruhusiwa kusomwa, kuchapwa na hata kurekebishwa bila malipo. Zikague kwanza, kwa kuwa Kiswahili cha baadhi yake kinahitaji kunyooshwa.

Umeuliza pia uviweke wapi. Usivirudishe kabatini. Funga kamba ukutani, usawa wa kifua cha mtoto, vitabu vining'inie vikiwa vimefunuliwa katikati, na kila asubuhi waache wavichukue kabla ya namba kuitwa. Majalada yavishe plastiki. Kitabu kikichanika tumia selotepu, wala si gundi ya unga wa ngano ambayo wenzako watakushauri uipike, kwa sababu panya wa shule wanaipenda na watamaliza gundi pamoja na kurasa.