Kabla hujamsaidia mtu, muulize kwanza anataka nini

Wapendwa, kuna swali moja la Yesu mi nalitumia sana, na wala halihitaji upako wa ajabu au maikrofoni. Liko Marko 10:51. Bartimayo kakaa zake kando ya njia pale Yeriko anapaza sauti, watu wanamkemea anyamaze, Yesu anasimama, anaagiza aitwe, halafu anamuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Sasa jamani, mtu ni kipofu na kila mtu anaona, unamuuliza nini tena? Lakini aliuliza, na akasubiri jibu.

Sisi wengi hatuulizi. Kwenye jumuiya yetu kuna mama alifanyiwa operesheni, basi watu wakawa wanaenda kumwona, kila anayeingia ana mfuko wa machungwa na maombi marefuu, mgonjwa wa watu kalala pale anaitikia amina kwa shida. Wenzangu walipotoka nikamuuliza, mama, hasa hasa tukusaidie nini? Akaniambia mwanangu matunda yameshajaa, mi nataka mtu wa kumpeleka mtoto kituoni asubuhi na mtu wa kunifulia. Basi! Tukapangana kwenye grupu la WhatsApp, na kijana mmoja ambaye kanisani hata kuombea sadaka anaona aibu ndo akawa hakosi zamu ya mtoto. Mi hiyo naiita huduma kabisa, manake hata binti wa Yairo alipofufuka watu wamebaki wanashangaa muujiza, Yesu anawaza mtoto hajala, akaagiza apewe chakula (Marko 5:43).

Ila ukiuliza uwe tayari kwa jibu. Mtu anaweza kukwambia anadaiwa kodi ya miezi mitatu na wewe mwenyewe unaungaunga, mwambie tu ukweli sina, hiyo "tutakuombea" ya kukimbilia mlangoni haimsaidii, kama unaomba omba naye hapohapo. Na sio kila shida ni yako, kule Kapernaumu Simoni alimfuata Yesu alikoenda kuomba alfajiri akamwambia watu wote wanakutafuta, jibu lake likawa twende vijiji vingine (Marko 1:35-38). Wengine tungeona ana roho mbaya eti.

Kwa hiyo chukua kile unachokiweza. Na ukishasema kesho saa 12 asubuhi nitakuja kumchukua mtoto, fika saa 12 kweli, usimcheleweshe mtoto wa watu shule.