Saa imesema umechoma kalori 600? Usizile zote

Namba ya kalori inayotokea kwenye saa yako au kwenye mashine ya jimu haijapimwa, imekisiwa. Kupima kweli kunataka uvae barakoa inayokusanya hewa unayovuta na kutoa, ijulikane oksijeni kiasi gani imetumika. Kila lita moja ya oksijeni ni sawa na kalori 5 hivi (kalori hizi hizi zinazoandikwa kwenye pakiti za biskuti). Saa haina barakoa. Ina kitaa cha kijani cha kusoma mapigo ya moyo, kihisio cha mtikisiko wa mkono, na umri, urefu na uzito ulioujaza siku ya kwanza. Kama umenenepa tangu hapo, yenyewe haijui.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vifaa 7 vya kuvaa mkononi kwa watu 60. Upande wa mapigo ya moyo, 6 kati ya hivyo 7 vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Upande wa kalori, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mkiani asilimia 93. Waligundua pia kwamba makosa yalikuwa makubwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi na kwa wenye uzito mkubwa. Yaani kwa wengi wetu hapa.

Kwa nini mapigo yasomwe vizuri halafu kalori zikosewe? Kwa sababu moyo hauendi mbio kwa ajili ya misuli tu. Chukua mwezi wa Februari hapa Dar. Ukikimbia saa 12 asubuhi, halafu siku nyingine ukarudia njia ileile kwa spidi ileile saa 4, mapigo yatakuwa juu zaidi, maana moyo unasukuma damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe, na maji yanavyotoka kwa jasho ndivyo moyo unavyolazimika kuongeza kasi. Misuli imefanya kazi ileile, ila saa itakuzawadia kalori za joto. Kahawa na hasira za foleni nazo zinapandisha mapigo. Kupiga vyuma ndiko kunakoichanganya zaidi: mapigo yanaruka kwa kukaza misuli na kubana pumzi, wakati oksijeni inayotumika si nyingi kiasi hicho.

Jasho lenyewe halina habari na mafuta. Wale wanaokimbia wamejifunga nailoni tumboni wakipungua kilo moja wamepoteza lita moja ya maji, na chupa mbili za maji zinairudisha kabla ya mchana.

Mashine ya kukimbilia ina matatizo yake. Kama haikukuuliza uzito, imekuwekea wa kwake. Ukishika vyuma vya pembeni, mikono inabeba sehemu ya mwili na kalori zinashuka, lakini kioo kinaendelea kuhesabu kana kwamba umeachia. Halafu mkanda ukichakaa, spidi unayosomewa huenda siyo inayokwenda. Hilo unaweza kulikagua mwenyewe: mashine ikiwa imezimwa, pima urefu wa mkanda mzima kwa futi ya fundi cherehani, weka alama ya chaki ukingoni, washa, kisha mwenzako ahesabu alama inapita mara ngapi kwa dakika moja ukiwa unakimbia juu yake. Spidi ya kilomita 8 kwa saa ni mita 133 kwa dakika, kwa hiyo mkanda wa mita 3.2 unatakiwa upite karibu mara 42. Ukipita mara 36, hiyo ni kilomita 7 kwa saa, siyo 8.

Kwa kukimbia na kutembea, mimi naamini zaidi hesabu ya kichwani. Kukimbia kilomita moja sehemu tambarare kunatumia kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wako. Kutembea ni nusu yake. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 amechoma kama 400. Akitembea hizo 5, kama 200. Ukiongeza kasi ya kukimbia unawahi kumaliza tu, kalori za kila kilomita hazibadiliki sana. Mchanga mlaini ni habari nyingine: kukimbia juu yake kunafika mara 1.6 ya barabara ngumu, na kutembea huzidi mara 2. Ndiyo maana Coco Beach, maji yakiwa yamejaa na umebaki na mchanga mkavu wa juu, unachoka mapema. Maji yakitoka, ule mchanga mgumu uliolowa unakaribia lami.

Hesabu hiyo inatoa kalori za ziada, zile zilizoletwa na zoezi lenyewe. Saa na programu nyingi zinajumlisha na zile ambazo ungezitumia hata ukiwa umekaa kibarazani. Huyo wa kilo 80 anatumia kama 80 kwa saa bila kufanya lolote. Akitembea saa nzima ataonyeshwa 280, na hapo ya kwake kweli ni 200. Kwenye mazoezi mepesi ya muda mrefu ndiko unakopunjika zaidi.

Sasa ilete mezani. Kilo moja ya unga wa ngano ina kalori kama 3,600. Ukitoa chapati 12, kila moja ina 300 kabla ya mafuta, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni 120. Chapati mbili za mama ntilie zimekwisha kumaliza kilomita 5 za mbio na kudai zaidi.

Kwa hiyo nashauri usiibishie saa wala usiiamini. Ipime kwa mzani. Kwa wiki 4, jipime kila asubuhi ukitoka chooni, kabla ya chai, mzani uleule, kisha chukua wastani wa kila wiki. Namba ya siku moja haina maana, pilau la Jumapili na chumvi yake linaweza kukuongezea kilo nzima ya maji. Wanawake walinganishe siku zilezile za mzunguko. Chakula kibaki vilevile ulivyozoea. Tuseme ulikuwa huongezeki wala hupungui, umeanza tizi, na saa inasema 400 kwa siku, siku 6 kwa wiki: wiki 4 ni 9,600. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kalori kama 7,700, kwa hiyo ulitakiwa upungue karibu kilo 1.25. Ukikuta umepungua 0.6, basi kwako namba ya saa igawe kwa mbili.

Nusu iliyopotea si kosa la saa peke yake. Mwili nao hubana matumizi sehemu nyingine: baada ya mazoezi unakaa zaidi, unapanda bajaji pale ulipokuwa unatembea. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi walipopimwa na timu ya mtafiti Herman Pontzer wa Marekani, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, ilionekana kwamba pamoja na kutembea kwao kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi, nishati wanayotumia kwa siku haikuzidi ya watu wa Marekani na Ulaya, ukizingatia ukubwa wa mwili. Kile kipimo chako cha mzani kinabeba hayo yote kwa pamoja.

Ukipungua kilo 5, badilisha uzito kwenye saa na uanze hesabu upya, maana mwili mwepesi unatumia kidogo kwa kilomita ileile.