Kuku wa Idi aliyebaki

Dada, huyo kuku wa kuchoma uliyebaki naye baada ya Idi usimpashe mkavu hivyo hivyo, atazidi kuwa mgumu. Mgeuze kuku wa kupaka, yaani wa mchuzi mzito wa nazi. Chambua minofu uweke kando. Chemsha tui jepesi na kitunguu, nyanya ya kusaga, thomu (kitunguu saumu), tangawizi, bizari na pilipili mbichi mpaka lipungue. Ndipo utie tui zito, moto mdogo, ukoroge bila kuacha mkono, la sivyo litakatika. Kuku aingie mwisho, apate moto mpaka ndani tu; ameshaiva huyo. Ndimu ukamue ukishaepua. Tui la pakiti lafaa, ingawa mimi bado nakuna nazi. Ila kama alilala nje ya friji kwa joto hili la Mombasa, mtupe. Mle kwa wali mweupe au mkate wa mofa.