Barua kwa mwanangu: sheria ya mavyaa ni ipi?

Mwanangu,

Hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kwa nini huko Birmingham mavyaa anaitwa "mother-in-law", na hiyo "law" ni sheria gani. Wewe ulidhani ni cheti cha ndoa, yaani mama wa mumeo ni mama wa makaratasi tu.

Sivyo. Ni sheria ya kanisa, ile ya nani haoleki. Ukishafunga ndoa, mama wa mwenzio anahesabiwa mama yako, na ndugu zake ndugu zako. Hata mwenzio akifa, humo huoi wala huolewi. Wewe mtoto wa Pangani neno unalo: maharimu. Fungua Suratun Nisaa, aya ya 23, utamkuta mama mkwe ametajwa pamoja na mama mzazi.

Ila wenzetu walikaza kuliko sisi. Kwetu mtu akifiwa na mke anaweza kumwoa shemeji yake. Kilichoharamishwa ni kuwakusanya dada wawili kwa pamoja. Kwao shemeji alibaki dada milele. Nyuma ya kitabu cha sala cha Kianglikana ilichapwa orodha ya wasiooleka, 30 kwa mwanamume na 30 kwa mwanamke, na wa kwanza kabisa kwa mwanamume ni bibi yake! Sijui nani alikuwa anamnyemelea.

Mfalme Henry VIII wa Uingereza aliichezea sheria hii atakavyo. Mwaka 1509 alimwoa Catherine wa Aragon, mjane wa kaka yake Arthur, kwa ruhusa ya Papa. Baadaye, mtoto wa kiume hapatikani na macho yake yamehamia kwa Anne Boleyn, akakumbuka ghafla kwamba mke wa kaka ni dada. Ndoa ikabatilishwa 1533. Dhamiri iliyochelewa hivyo mimi siiamini.

Wanyonge hawakuwa na Papa wa kuwapa ruhusa. Ilipofika 1835 Bunge lenyewe likatamka kwamba ndoa yoyote mpya ya namna hiyo ni batili. Mchoraji William Holman Hunt alifiwa na mkewe Fanny, akapendana na Edith, mdogo wa marehemu. Uingereza haikuwezekana, wakaenda kufungia ndoa Uswisi mwaka 1875. Wabunge walibishana miaka na miaka, hadi 1907 ndipo ikaruhusiwa kumwoa dada wa marehemu mke. Mjane wa kaka alisubiri mpaka 1921.

Na usishangae ukisoma vitabu vya zamani ukakuta mama wa kambo naye anaitwa "mother-in-law". Karne ya 19 wengi walisema hivyo, maana naye ni mama kwa njia ya ndoa.

Nisalimie mumeo. Mavyaa wako mpe shikamoo yangu. Najua kanizidi umri, ingawa yeye hukataa.

Baba yako