Kutaja wanyama kwa dakika moja: kipimo gani hicho?

Mkuu, umeuliza kama kaka yako amepungukiwa akili kwa sababu baada ya ajali ya bodaboda daktari alimwambia ataje wanyama kwa dakika moja, akaishia 9. Hapana, namba hiyo peke yake haisemi hivyo. Mtu mzima mwenye afya aliyesoma kiasi hufika 15 au 20 na kuendelea, lakini umri na elimu hubadilisha sana matokeo.

Kinachopimwa ni jinsi ubongo unavyotafuta maneno kwa haraka. Msikilize mtu mzima wa afya: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda... anakwama kidogo, kisha anahamia porini: simba, chui, fisi. Huko kuhama ndiko kunakosumbua wengi walioumia sehemu ya mbele ya ubongo. Aliyeumia hapo anabaki kwenye mifugo, au anarudia mbuzi mara tatu bila kujua.

Kuna na kipimo cha herufi: mtu anataja maneno yanayoanza na herufi fulani kwa dakika moja. Tangu 1964 Brenda Milner, mtafiti wa ubongo kule Kanada, alionyesha kwamba waliokatwa sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto hupata shida hasa na kipimo hicho. Kwa Kiingereza hutumia F, A na S. Kwa Kiswahili mimi nina mashaka nacho: ukimpa mtu K atamwaga kula, kulala, kukimbia hadi dakika iishe, na utakuwa hujapima kitu.

Muulize daktari kaka alirudia maneno mangapi, na lini atapimwa tena. Kama alikuwa na usingizi wa dawa siku ile, mwambie.