Roketi za burudani kwa bajeti ndogo: pa kubana pesa na pa kutobana

Nikiweka picha ya roketi kwenye kundi letu la WhatsApp, ujumbe unaowahi kuingia huwa ni uleule, umebadilika mtumaji tu: "Kaka, ile mashine ya kushindilia baruti inapatikana wapi kwa bei poa?" Wameona video za mafundi wa fataki wa hapa Marekani. Jeki ya gari imefungwa kwenye fremu ya chuma, kuna seti ya vyuma vilivyochongwa, na bwana mmoja mwenye miwani anashindilia baruti kwenye makopo ya karatasi ajitengenezee injini za roketi, kwenye banda la nyuma ya nyumba. Inavutia, sikatai.

Mimi sina mashine hiyo na simshauri anayeanza aitafute. Hata ukiipata jeki kwa bei ya kutupa, bado kuna vyuma vyenyewe, kinga ya kukukinga kitu kikiripuka, banda lililo mbali na nyumba, na sheria za jimbo lako kuhusu kutengeneza na kuhifadhi vilipuzi. Baruti iliyo chini ya shinikizo la tani nzima haina adabu kwa mtu yeyote. Mafundi wale wamejifunza miaka mingi, wengi wao chini ya mikono ya waliowatangulia, na ukiwauliza watakwambia hawakuingia kwenye kazi hiyo kuokoa pesa.

Kama unachotaka ni kurusha roketi, uione ikipaa, mwavuli wa kuishusha ufunguke, uifuate, uirushe tena, basi injini ya kununua dukani ndiyo nafuu yako. Fataki ukishairusha imekwisha. Roketi ya karatasi unaibadilishia injini tu, na bomba lilelile litakwenda msimu mzima kama hujalipoteza juu ya mti.

Tena mchezo huu ulizaliwa kwa sababu ya swali hilohilo la kushindilia baruti. Miaka ya 1950, vijana wa Marekani walikuwa wakijitengenezea injini nyumbani na kuumia vibaya. Mwaka 1957 mhandisi wa roketi, G. Harry Stine, aliandika kwenye gazeti kuhusu hatari hiyo. Makala ikamfikia Orville Carlisle, mwenye duka la viatu mjini Norfolk, Nebraska, aliyekuwa pia na leseni ya fataki. Yeye na ndugu yake Robert walikuwa tayari wameunda roketi ndogo ya karatasi yenye injini inayobadilishwa, akamtumia Stine sampuli. Kilichokosekana ni mtu wa kushindilia injini kwa wingi, zote zikiwa sawa. Kazi hiyo akaichukua Vern Estes wa Colorado, mtoto wa familia ya watengeneza fataki. Aliunda mashine akaipa jina Mabel, ikawa inatema injini moja kila baada ya sekunde chache. Kwa hiyo ukinunua pakiti ya injini leo, mashine ya kushindilia umeshailipia. Iko kiwandani, mbali na vidole vyako.

Sasa pesa zako ziende wapi? Kabla ya duka, nenda ukauangalie uwanja.

Injini zina herufi, na kila herufi inayofuata ina nguvu mpaka mara mbili ya iliyotangulia. Injini ya A inaishia newtoni-sekunde 2.5 (kipimo cha msukumo wake wote), B inaishia 5, C inaishia 10, D inaishia 20. Namba inayofuata herufi ni msukumo wa wastani kwa newtoni, na ya mwisho ni sekunde za kusubiri kati ya baruti kuisha na mwavuli kutolewa. Ukiona C6-5 unajua: daraja C, newtoni 6, sekunde 5. Ukiona namba ya mwisho ni 0, iache. Hiyo ni ya hatua ya chini ya roketi yenye hatua mbili na haitakutolea mwavuli.

Kanuni za usalama za chama cha taifa cha roketi za burudani, NAR, zinataka uwanja ambao upande wake mfupi unafika mita 30 kwa injini ya A, mita 60 kwa B, mita 120 kwa C na mita 150 kwa D. Chukua hatua ukapime. Uwanja wa mpira wa miguu wa kawaida una upana wa mita sitini na kitu, kwa hiyo hapo wewe ni mtu wa A na B. Wazazi wengi wananunua roketi ndefu ya injini ya D kwa sababu boksi lake linang'aa, halafu wanakuja kuirusha nyuma ya shule ya msingi. Upepo unaichukua na kuitua juu ya paa la supamaketi, na dola zote zimelala kule. Roketi ndogo yenye injini ya A unaiona kwa macho tangu mwanzo hadi mwisho, mtoto anaikimbilia, mnarudia. Kwa anayeanza raha iko hapo, na bahati nzuri ndiyo ya bei ya chini.

Seti ya kuanzia, yenye roketi, jukwaa la plastiki na kidhibiti cha kurushia, huuzwa takriban dola 30 hadi 50, na pakiti ya injini tatu ni dola kumi na kitu. Nunua seti mara moja kwa ajili ya jukwaa na kidhibiti, baada ya hapo usinunue seti tena. Roketi zinazofuata jengeni wenyewe.

Kujenga hakuhitaji karakana. Kisu chembamba cha wembe unaobadilishwa, rula ya chuma, msasa wa aina mbili, gundi ya mbao ya manjano, penseli. Gundi ya moto ya bastola iache kwenye mapambo ya harusi, maana injini ikipata joto nayo inalegea na pezi, lile bawa dogo la mkiani, linabaki angani. Gundi ya mbao inaingia ndani ya karatasi na ndani ya balsa, ile mbao nyepesi ya mapezi, na ikikauka vizuri mbao itapasuka kabla kiungo hakijaachia. Paka kidogo kwenye ukingo wa pezi, ligusishe kwenye bomba, liondoe, subiri dakika chache gundi ianze kunata, paka tena kisha ushikize. Litasimama bila kulishikilia nusu saa. Pezi lenyewe likate ili nyuzi za mbao zifuate ukingo wa mbele, zikielekea nje kutoka kwenye bomba. Zikiwa sambamba na bomba, pezi linavunjika kama biskuti siku ya kutua kwa mara ya kwanza.

Kuna kifaa kinauzwa cha kuchora mistari iliyonyooka kwenye bomba la duara. Usikinunue. Fungua mlango wa chumbani, lilaze bomba kwenye kona ya fremu, pale mbao mbili zinapokutana, ukingo wa fremu ukiwa rula yako. Bomba haliwezi kubingirika na penseli inateleza moja kwa moja toka juu hadi chini. Kwa kugawanya mzunguko, zungushia bomba kipande cha karatasi, weka alama pale ncha zinapokutana, ifungue, ikunje mara mbili kama unataka mapezi manne. Kwa matatu, pima kwa rula ugawe kwa tatu.

Kidhibiti cha kurushia ndicho ambacho watu hukidharau halafu wanalaumu injini. Kile cha kwenye seti kinatumia betri ndogo, na zikichoka kidogo tu kiwashio, kile kijiwaya cha kuwasha injini, hakipati moto wa kutosha. Weka betri mpya za alkalaini, zile za bei ya chini za duka la dola hazifiki mbali. Na uangalie vibanio viwili vidogo vinavyoshika nyaya za kiwashio. Kila ukirusha, moshi wa baruti unaviachia ukoko wa kijivu, na ukoko huo umeme haupiti. Beba kipande cha msasa mfukoni, ukisugue ndani ya meno ya vibanio mpaka uone chuma kinang'aa, ndipo ufunge kiwashio kipya. Hakikisha pia vibanio vyenyewe havigusani wala havigusi sahani ya chuma ya jukwaa, vinginevyo umeme unapita njia ya mkato. Nusu ya matatizo ya siku ya kurusha yanaishia hapo.

Roketi ikikataa kuwaka, toa ufunguo wa usalama kwenye kidhibiti, hesabu sekunde 60 kamili, ndipo mtu akaribie. Watu wasimame angalau mita 5 kwa injini ya D kushuka chini, mita 9 kwa kubwa zaidi. Na watoto wa wageni wakija, ufunguo ukae shingoni kwako.

Karatasi za kinga zinazowekwa kati ya injini na mwavuli, ili mwavuli usiungue injini inapousukuma nje, pia zina njia yake. Zile za dukani ni nzuri ila ni ghali kwa kitu kinachoungua kila safari. Wazoefu wengi wanatumia pamba ya karatasi ya kuhifadhia joto la nyumba, ile inayopulizwa kwenye dari. Imetiwa dawa ya kuzuia moto, na fungu moja la duka la vifaa vya ujenzi mtaligawana mtaa mzima kwa miaka. Karatasi ya kawaida ya chooni usiweke hata siku moja, itashuka ikifuka moshi juu ya nyasi kavu.

Kwenye injini zenyewe sibani hata senti. Msimu wa watu kuuza vitu vyao gereji utaona boksi la injini za zamani kwa dola mbili tatu, na mwenyewe atakuapia kwamba hazijafunguliwa. Ziache. Ndani ya kopo la karatasi kuna tonge gumu la baruti lililoshindiliwa mpaka likashikana na kuta. Injini ikikaa miaka darini au kwenye gari, kiangazi inapata joto kali, majira ya baridi inaganda, na tonge hilo linapanuka na kusinyaa tofauti na kopo. Mwisho linaachana na ukuta au linapata ufa usioonekana kwa nje. Ukiiwasha, moto unapita kwenye ufa, baruti inawaka yote kwa pamoja, na roketi mliyoijenga wiki nzima inapasuka juu ya jukwaa. Kwa sababu hiyohiyo injini ulizonunua jana usiziache kwenye buti la gari mwezi wa Julai. Ziweke ndani ya nyumba, mahali pakavu, mbali na jiko. Ukitaka unafuu wa kweli, shirikianeni familia mbili tatu mnunue boksi la injini 24 linalouzwa kwa ajili ya shule, bei ya kila moja inashuka.

Roketi uliyoibuni mwenyewe ijaribu kabla haijaona moto. Weka injini mpya ndani, mwavuli na kila kitu, ifunge uzi pale inapokaa mizani, kisha izungushe juu ya kichwa chako. Pua ikitangulia, iko sawa. Ikitangulia mkia au ikiyumbayumba, ongeza uzito puani, udongo wa kufinyangia unatosha. Mwenye kompyuta apakue OpenRocket, programu ya bure iliyoanzia kwenye tasnifu ya mwanafunzi Mfini, Sampo Niskanen. Itakuambia roketi itafika juu kiasi gani na kama itasimama imara, bila kutumia injini hata moja.

Na kabla hujanunua chochote katika haya, tafuta klabu ya NAR iliyo karibu nawe. Siku zao za kurusha wana majukwaa, nyaya, uwanja wenye ruhusa na wazee wastaafu wanaopenda kueleza kuliko kula. Nenda na roketi yako tu. Na kama ugonjwa wa kushindilia baruti haujakutoka, hukohuko utakutana na watu watakaokuelekeza kwa waliosajiliwa na wanaofundisha kazi hiyo kwa utaratibu.

Sasa wale wanaotaka kuwapelekea wapwa zao Dar au Mombasa. Injini za roketi haziruhusiwi kwenye ndege, si kwenye begi la mkononi wala lile la kukabidhi, na mzigo wako utafunguliwa. Pia kule nyumbani vitu vya baruti vinahitaji kibali, usimwingize shemeji kwenye matatizo na polisi. Wapelekee hadithi: kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, roketi ya fueli ngumu iliyoitwa Scout ilirusha setilaiti ya kupima miale ya eksirei, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Halafu wajengee roketi ya maji. Chupa ya soda ya lita 2, pampu ya baiskeli yenye kipimo cha presha, kizibo cha mpira chenye vali, maji theluthi moja ya chupa. Chupa iwe ya soda kwa sababu ile imetengenezwa kustahimili gesi. Ya maji ya kunywa ni nyembamba, inapasuka. Anayepampu avae miwani ya kukinga macho na asiinamie chupa, wengine wakae mbali, na chupa yenye mkwaruzo mkubwa au mkunjo itupwe.