Nina OCD, mdogo wangu ana mashambulio ya hofu: je, akili zetu zimepungua?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 31 na nina ugonjwa wa mawazo sumbufu na vitendo vya kurudiarudia, ambao wengi tunauita OCD. Shida yangu kubwa ni kuhakiki: kufuli, hesabu, barua pepe kabla sijazituma. Hivi karibuni nilifanyiwa vipimo vya uwezo wa akili, na ripoti inasema uwezo wangu wa kujisimamia kiakili uko "chini kidogo ya wastani", hasa kasi na kubadili mwelekeo. Mdogo wangu ana ugonjwa wa hofu ya ghafla. Vipimo vyake vilitoka vya kawaida, lakini ndiye anayeshindwa hata kupanga siku yake. Je, ubongo wangu umeharibika? Na yeye, vipimo vimemkosea? Nimeanza kucheza michezo ya kunoa akili kwenye simu, itanisaidia?

JIBU: Nzuri, na pole kwa mahangaiko. Ripoti yako haionyeshi ubongo ulioharibika. Kundi la watu wenye OCD likilinganishwa na wasio nayo, kwa wastani hupata alama za chini katika vipimo vya aina hiyo, lakini tofauti huwa ndogo au ya kadiri. Wenye OCD wengi hupata alama sawa na mtu mwingine yeyote. Tena, ripoti inakulinganisha na watu wengine, si na wewe mwenyewe ulivyokuwa kabla ya kuugua.

Wataalamu wanapozungumzia uwezo huu hutaja hasa mambo matatu: kujizuia, kubadili mwelekeo kanuni inapobadilika, na kushikilia taarifa akilini huku ukiifanyia kazi. Huenda ulipewa jaribio la kadi la Wisconsin, lililoanza miaka ya 1940. Unapanga kadi kwa rangi, kwa umbo au kwa idadi. Ghafla kanuni inabadilishwa bila kuambiwa, nawe ugundue kutokana na makosa yako. Mwenye OCD anaweza kuchelewa kwa sababu anataka kuwa na hakika kwanza. Katika vipimo vinavyohesabiwa kwa sekunde, kuhakiki jibu sahihi mara mbili kunatosha kukushusha alama. Kwa hiyo rudi kwa aliyekupima umwombe akutenganishie: makosa yalikuwa mangapi, na muda ulikuwa kiasi gani? Kama makosa ni ya kawaida na muda ndio umerefuka, basi kilichopimwa kwa sehemu kubwa ni OCD yenyewe ikiwa kazini.

Sisemi yote ni uhakiki tu. Mizunguko ya mawasiliano kati ya sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo juu ya macho, na viini vilivyo ndani zaidi hufanya kazi tofauti kwa wenye OCD. Katika majaribio ya kusimamisha kitendo kilichokwisha kuanza, hata ndugu zao wasiougua wamewahi kuonekana wazito kidogo kuliko watu wengine. Hiyo inaashiria maumbile ya kurithi, si jeraha.

Kuhusu kuhakiki, kuna jaribio moja napenda kuwaeleza wagonjwa wangu. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi, van den Hout na Kindt, waliwapa watu wenye afya jiko la gesi la kwenye kompyuta wawe wanalihakiki tena na tena. Mwishoni kumbukumbu yao ilikuwa sahihi kama kawaida. Kilichoshuka ni imani yao kwa kumbukumbu hiyo: picha ilififia, wakawa hawajiamini. Hao hawakuwa na OCD! Kwa hiyo unaposema "sikumbuki kama nimefunga", huenda kumbukumbu ipo nzima, na kuhakiki ndiko kunakokuondolea imani nayo.

Sasa mdogo wako. Hofu ya ghafla hupanda hadi kileleni ndani ya dakika chache, na katika dakika hizo hakuna anayeweza kupanga jambo. Lakini anapimwa chumbani kimya, hofu ikiwa imelala. Ndiyo maana alama ni nzuri, na tafiti kuhusu ugonjwa wake zimetoa majibu yanayopishana. Vipimo havikumkosea, vilipima saa tulivu. Nje ya chumba kile anachunguza mapigo ya moyo na pumzi kutwa nzima, na nafasi anayohitaji kushikilia mipango akilini inakuwa imeshakaliwa. Ukiongeza kuepuka kila mahali anapohofia kushikwa na shambulio, siku yake inapangwa na hofu, si na yeye. Muulize pia kama anatumia dawa za kutuliza za jamii ya diazepam au lorazepam, maana hizo hupunguza umakini na kumbukumbu. Asiziache ghafla kwa uamuzi wake. Azungumze na aliyemwandikia. Nyote wawili, usingizi mbovu na sonona vichunguzwe, kwa kuwa vinashusha alama hizihizi.

Michezo ya simu? Utakuwa hodari wa mchezo huo. Ushahidi kwamba uhodari huo unahamia kwenye kazi za kila siku ni dhaifu, nami nisingetoa pesa yangu hapo. Muda huo upeleke kwenye tiba yenyewe. Kwako ni kukabiliana hatua kwa hatua na kile kinachokutia mashaka bila kufanya kitendo cha kujiondolea mashaka, chini ya mtaalamu, pamoja na dawa za kundi la SSRI (dawa za sonona zinazotumika pia kwa OCD) zikihitajika. Kwa mdogo wako ni tiba ya fikra na tabia, ikiwemo kuzoea kwa makusudi hisia za mwili zinazomtisha, kama moyo kwenda mbio. Baada ya tiba alama za baadhi ya watu hupanda, za wengine hubaki palepale ingawa maisha yamenyooka, kwa hiyo usipime kupona kwako kwa ripoti ile.

Na usianze kupiga picha kufuli kwa simu ili uwe na ushahidi. Wengi hujaribu, na baada ya muda wanajikuta wanahakiki picha.

Jambo moja lingenifanya nibadili jibu hili: kama dalili zako zilianza ghafla ukubwani bila historia yoyote, au uwezo wako unaendelea kushuka mwezi hadi mwezi, au kuna degedege, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kupotea njia unazozijua. Hapo usisubiri tiba ya OCD. Muone daktari wa mishipa ya fahamu.